Majitaka, Twahara na Mto Ngerengere

 

Ndugu msomaji, kuna maswali mawili ambayo imamu wa Morogoro hana budi kuwa na majibu yake. La kwanza ni la mkulima wa bustani ya kandokando ya mto: mchicha anaoumwagilia maji yatokayo mjini, yakiwa na uchafu wa vyoo ndani yake, je, ni halali kuuza na kuula? La pili ni la msomi kidogo: maji ya chooni yakisafishwa mpaka yakawa hayana rangi, harufu wala ladha ya uchafu, je, yanafaa kutilia udhu? Maswali haya huulizwa kwa haraka, mlangoni mwa msikiti, muulizaji akiwa tayari ameshavaa kiatu kimoja. Na mara nyingi hujibiwa kwa haraka vilevile, kwamba maji yaliyoingia najisi ni najisi, basi.

Jibu hilo si sahihi kifiqh, na lina hasara. Humfanya Muislamu ayaone maji machafu kama kitu kilichokwisha, kisicho na hukumu nyingine ila kutupwa, na pa kutupa huwa ni mtoni. Tutakayoyaeleza hapa ni kwamba suala hili lina mambo mawili ambayo wanazuoni wetu waliyatenga tangu zamani: hukumu ya twahara na hukumu ya madhara. Maji yanaweza kuwa twahara na bado yakaua. Na maji yanaweza kuwa najisi leo, kisha yakarudi kuwa twahara, bila ya hila yoyote.

MTO WENYEWE

Tuanze na mto tunaouzungumzia. Milima ya Uluguru inainuka juu ya mji wa Morogoro kama ukuta. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana mjini, kina zaidi ya meta 2,100, na Kimhandu upande wa kusini kinapita meta 2,600. Misitu ya juu huko, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, hunasa mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na kuyageuza kuwa vijito. Mto Morogoro hushuka kutoka humo na kukatiza katikati ya mji. Mto Ngerengere, pamoja na vijito vya Mzinga na Mlali, hulijaza kwanza Bwawa la Mindu lililojengwa miaka ya 1980, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya bomba ya mji. Chini ya bwawa Ngerengere huupita mji upande wa Kihonda, hupokea maji ya mto Morogoro, na kuendelea kupitia Kingolwira mpaka kuingia mto Ruvu.

Na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kwa hiyo anayemwaga uchafu Morogoro anaumwaga katika njia ya maji ya udhu ya watu wa Dar es Salaam. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye haki za jirani wa chini.

Mji huu ulizaliwa na mto. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga boma lake, lililojulikana kwa jina la Simbamwene, palipokuwa na maji ya uhakika kwa misafara ya bara. Stanley alipita hapo mwaka 1871. Stanley aliporudi mwaka 1872 aliona sehemu ya kuta za boma imechukuliwa na mafuriko. Wakati huo mto ndio uliokuwa ukiwadhuru watu. Siku hizi mambo yamegeuka.

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Morogoro na watu wapatao 316,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Ni sehemu ndogo tu ya mji iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo au karo. Likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiyekuwa na uwezo, na wakati mwingine hata mwenye uwezo, husubiri mvua kubwa usiku akafungua tundu, mvua ikamalizia kazi. Watu wa mjini huita kutapisha choo. Asubuhi maji hayo yapo mtaroni, jioni yapo mtoni. Zaidi ya hapo kuna maji ya viwanda, kwani mji huu umekuwa na viwanda vya nguo na vya ngozi tangu enzi za mashirika ya umma, na kuna mashamba ya mkonge yanayoosha nyuzi zake kwa maji mengi, bila ya kusahau mafuta na sabuni za waoshao magari palepale kwenye ukingo.

MAJI YANANAJISIKA VIPI?

Msingi wa mlango huu ni hadithi ya kisima cha Budha'a, aliyoipokea Abu Said al-Khudri (r.a.) na kutolewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama inafaa kutawadha kwa maji ya kisima hicho cha Madina, ambacho vilikuwa vikiingia ndani yake vitambaa vya hedhi, nyama za mbwa na vitu vinavyonuka. Akajibu kuwa maji ni yenye kutwaharisha na hayanajisiwi na kitu. Wanazuoni, akiwamo al-Khattabi, wametanabahisha kuwa haiwezekani Maswahaba walikuwa wakivitupa vitu hivyo makusudi. Kisima kilikuwa mahali pa bondeni na mafuriko yalivikokota mpaka humo. Basi hata Madina palikuwa na tatizo la uchafu wa juu kushukia maji ya chini. Abu Daud mwenyewe alikwenda kukipima kisima hicho kwa shuka yake, akakikuta kina upana wa dhiraa sita. Huyo ndiye mwanachuoni: hadithi inazungumzia kisima, naye anakwenda na shuka kukipima.

Hadithi ya pili ni ya Ibn Umar (r.a.) kuhusu maji ya qullatain, yaani kuwa maji yakifika kiasi hicho hayabebi najisi. Kutokana na hadithi hizi mbili madhehebu yamegawanyika. Maliki wanatazama kubadilika tu: maji yakiingia najisi yasibadilike ni twahara, yawe mengi au machache. Shafii, ambao ndio wengi katika pwani na bara yetu, wanasema yaliyo chini ya qullatain hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, na yaliyofika qullatain hayanajisiki mpaka ibadilike rangi, harufu au ladha yake. Qullatain kwa vipimo vya leo wengi hukadiria kuwa kama lita 216, ingawa wapo wenye hesabu ya chini na ya juu ya hapo. Ni pipa moja na ziada kidogo. Hanafi wana kipimo chao cha hodhi kubwa, la dhiraa kumi kwa kumi.

Kwa hiyo maji ya mto Morogoro kule juu, yakiwa meupe na baridi, hayana mjadala. Yakifika mjini yakawa yananuka choo, yamenajisika kwa ijmai. Lakini kuna hali ya tatu ambayo wengi huisahau. Maji yakibadilika kwa rangi ya kiwanda cha nguo, yakawa bluu au mekundu, hayakunajisika, kwa kuwa rangi si najisi. Hata hivyo, yakibadilika sana hivyo yameacha kuitwa maji kwa jina lake peke yake, na hayafai tena kwa udhu wala josho, kama yasivyofaa maji ya chai. Mtu akiyagusa hatakiwi kuosha nguo yake kwa ajili ya swala. Akiyanywa, hilo ni suala jingine kabisa, na ndilo tutakaloliendea.

YAKIRUDI KUWA TWAHARA

Maji mengi yaliyobadilika kwa najisi yanaweza kutwaharika. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma kwa masheikh zao, ameiweka mas'ala hii kwa maneno machache mno. Mabadiliko yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, basi maji yametwaharika. Yakiondoka kwa kutiwa miski au zaafarani, hapana, kwa sababu harufu imefunikwa tu, haikuondoka. Na udongo au jasi navyo ni kama miski, katika kauli yenye nguvu zaidi.

Tuchukue sasa mabwawa ya majitaka yaliyopo Mafisa, pembezoni mwa mji wetu, tuyaweke mbele ya maneno hayo ya Nawawi.

Mabwawa ya aina hii hayana mashine kubwa wala dawa. Maji ya vyooni huingia kwanza bwawa lenye kina kirefu, lisilo na hewa ndani yake. Hapo vitu vizito huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni hula uchafu na kuugeuza gesi na tope. Kisha maji huenda bwawa la pili, lenye kina kama cha meta moja na nusu. Huko ndiko anakopita mtu akaona rangi ya kijani akadhani ni uchafu ulioongezeka, kumbe ni mimea midogo ya majini inayotoa oksijeni mchana kutwa kwa nguvu ya jua, na bakteria wengine wanaitumia kumalizia kuula uchafu uliobaki. Mwisho maji huingia mabwawa ya kina kifupi ambamo jua lenyewe ndilo linaloua vijidudu, na mayai ya minyoo yaliyosalia yanazama chini. Safari nzima huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa. Mabwawa hayo yakielemewa na maji kuliko uwezo wake, au tope lisipotolewa, safari hufupika na maji hutoka yangali machafu. Kwa hiyo kuwepo kwa mabwawa si dalili ya kuwa maji yametibiwa.

Mabadiliko yakiondoka kwa njia hii, yameondoka kwa jua, hewa, kutulia na muda. Kwa ufahamu wetu huko ndiko kuondoka yenyewe kulikokusudiwa na Nawawi, na hakuna cha kufunika. Mgumu zaidi ni mtambo wa kisasa unaotia shabu au chokaa ili uchafu ushikane na kuzama. Je, hili si sawa na udongo na jasi? Wafafanuzi wa Minhaj wameshalijibu: hitilafu ile ni pale maji yangali na ukungu wa kile kilichotiwa, ndipo inaposhukiwa kuwa sifa ya najisi imefichwa. Maji yakitulia yakawa meupe, na hayana athari yoyote, yametwaharika bila ya hitilafu. Aliyeandika hayo hakuwahi kuona mtambo wa majitaka, lakini kanuni yake inautosheleza.

Ndiyo maana maulamaa wa zama zetu walipoletewa suala hili hawakuanzia patupu. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi wake namba 64 mwaka 1398 Hijria (1978) kuwa maji machafu yakisafishwa kikamilifu mpaka yakarudi kwenye umbile lake, bila ya rangi, ladha wala harufu ya najisi, yanakuwa twahara, na inafaa kujitwaharishia kwayo. Baraza la Fiqh la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 11 mjini Makka, Rajab 1409 (Februari 1989), likaafikiana na hilo baada ya kuwasikiliza wataalamu wa kemia wakieleza hatua za usafishaji. Mjumbe mmoja, Sheikh Bakr Abu Zayd, hakukubali. Hoja yake haikuwa ya qullatain. Aliona kuwa maji ya vyooni yana madhara ya maradhi pamoja na ukirihishi wa nafsi, na kwamba kuondoka najisi hakutoshi kuyaondoa hayo.

Hatuoni kuwa kauli ya wengi inaangushwa na hoja hiyo. Lakini hatuoni pia kuwa inafaa kupuuzwa, kwani Sheikh aliugusa mlango wa pili.

TWAHARA SI USALAMA

Rangi, harufu na ladha ni alama ambazo kila Muislamu anaweza kuzitazama, mchungaji na profesa, na kwa ajili hiyo sharia ikazifanya kuwa kipimo cha ibada. Hazikuwekwa kuwa kipimo cha maradhi. Kidudu cha kipindupindu hakina rangi. Yai la mnyoo wa tumboni halina harufu, na linaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi likingoja mtoto asiyenawa mikono. Ugonjwa wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, Morogoro ukiwamo.

Vilevile kiwanda cha ngozi hutumia kromiamu. Madini kama hayo hayaliwi na bakteria wala hayauawi na jua. Yakiingia bwawani pamoja na maji ya vyoo, mengine huzama kwenye tope na mengine hutoka nayo mpaka shambani. Hapo mfikihi akiulizwa, maji haya ni najisi? atasema hapana. Akiulizwa, inafaa kuyanywa au kuyapeleka kwa watu? atasema ni haramu, kwa kanuni iliyochukuliwa kutoka hadithi maarufu iliyopo katika Muwatta na Sunan Ibn Majah, ya kutodhuru wala kudhuriana. Majibu yote mawili ni sahihi, na imamu anayetoa moja akaacha la pili amemwacha muulizaji njiani.

Mfano mzuri upo hapahapa Afrika. Mji wa Windhoek, Namibia, uliopo kwenye nchi kavu mno, umekuwa ukiyarudisha maji ya vyoo kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968, yakichanganywa na maji ya vyanzo vingine. Hatua zao za kusafisha ni nyingi, lakini wanaanza na jambo moja la busara: maji ya viwandani hawayachanganyi na ya majumbani, yana njia yake na mtambo wake. Kule Muscat, ambako wengi wetu tuna ndugu, maji yaliyosafishwa hayarudishwi mezani. Hunyweshea miti na maua ya kandokando ya barabara. Kila mji umechagua matumizi kulingana na kiwango cha usafishaji wake. Mafisa si Windhoek. Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya wazi hayajafika daraja ya kunywewa, na hakuna anayedai hivyo. Yamefika, mabwawa yakifanya kazi yake, daraja ya shamba.

MCHICHA NA MPUNGA

Hapa tunarudi kwa mkulima wetu. Mafisa kuna wanaolima mpunga kwa maji yatokayo mabwawani, kama walivyo wenzao wa Mabogini, Moshi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wameshayachunguza mashamba hayo. Faida inajulikana: maji hayakatiki kiangazi, na naitrojeni na fosforasi iliyomo hupunguza haja ya mbolea ya dukani. Virutubisho hivyo vikiingia mtoni huwa ni maafa, kwani huotesha magugu na kumaliza hewa ya samaki. Vikiingia shambani ni chakula. Kwa hiyo kila ndoo ya majitaka yaliyotibiwa inayokwenda shambani ni ndoo iliyopunguziwa mto.

Kuhusu hukumu, jamhuri ya wanazuoni, yaani Hanafi, Maliki na Shafii, wanasema mmea ulionyweshwa najisi wenyewe ni twahara, kwa kuwa najisi imegeuka ndani yake kuwa kitu kingine. Kilichogusana na najisi kwa nje kioshwe. Hambali katika kauli yao mashuhuri wanauharamisha mpaka unyweshwe maji twahara. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ametaja katika al-Mughni riwaya ya Ibn Abbas (r.a.) kuwa walipokuwa wakikodisha ardhi za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakishurutisha isitiwe kinyesi cha watu. Lakini ametaja vilevile kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alikuwa akirutubisha ardhi yake kwa kinyesi, na akikihesabu kikapu chake kuwa ni kikapu cha ngano. Maswahaba wawili, na mashamba mawili.

Kauli ya Hambali inafanana na hukumu ya jallala, mnyama anayekula uchafu. Mtume (s.a.w.) alikataza kula nyama yake na kunywa maziwa yake, na imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Ajabu ni kuwa Shirika la Afya Duniani nalo limefika karibu na hapo. Mwaka 1989 lilitoa viwango: mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita, na bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100 kwa mazao yanayoliwa mabichi. Mwaka 2006 likaongeza njia nyingine za kinga kwa nchi zisizo na mitambo, na miongoni mwake ni kusimamisha kumwagilia maji hayo siku kadhaa kabla ya kuvuna, ili jua liue vijidudu vilivyobaki juu ya jani.

Sisi ni Mashafii na mchicha wa mtoni tumeula tangu utoto, kwa hiyo hatusemi ni haramu. Lakini mkulima Muislamu tunamwambia afuate kauli ya Hambali kwa ihtiyati: siku za mwisho amwagilie maji safi au asimwagilie kabisa, amwage chini kwenye mizizi badala ya juu ya majani, na asichovye mafungu ya mboga kwenye mtaro ili yang'ae sokoni. Hili la mwisho ni ghushi na ni madhara, na muuzaji analijua. Mpunga una hatari ndogo kwa mlaji kwa sababu una ganda na hupikwa. Hatari yake ipo kwa miguu ya mkulima, na buti za mpira si anasa. Matango, nyanya na majani ya kachumbari visimwagiliwe maji haya kamwe. Ama anayechota moja kwa moja kwenye mtaro wa mjini, kabla maji hayajapita bwawa lolote, huyo hatumii maji yaliyotibiwa, na hayo tuliyoyasema hayamhusu.

HAKI YA JIRANI WA CHINI

Madina ilikuwa na bonde la Mahzur, ambalo maji yake ya mvua yaligombewa. Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa mwenye shamba la juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yaende kwa wa chini. Hadithi ya Zubair (r.a.) na jirani yake Mwansari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni ya mlango huohuo. Wanazuoni walizitumia katika kugawa wingi wa maji. Lakini ikiwa wa juu hana haki ya kumzuilia wa chini maji yake, atakuwaje na haki ya kumwachia akiwa ameyaharibu? Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na katika hadithi ya Muadh (r.a.) kwa Abu Daud na Ibn Majah alionya juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia na kivulini. Anayetapisha choo usiku wa mvua amekusanya mawili kati ya hayo matatu, kwani uchafu hupita njiani kwanza.

Kuna pia mlango wa harim, yaani eneo linaloachwa wazi pembeni ya kisima, chemchemi au mto kwa maslahi yake. Mafaqihi wa Shafii walikataza kujenga katika harim ya mto, na wakasema kilichojengwa kibomolewe hata kama ni msikiti. Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria) aliandika risala mahsusi kuwakataza watu wa Misri kujenga kwenye ukingo wa Nile, jambo lililokuwa limeenea katika zama zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Anayeiona hiyo kuwa ni sheria ya serikali tu, isiyohusiana na dini yake, na afungue kitabu chake mlango wa ihyaul-mawat.

MAJI YA MSIKITINI

Tumalizie na jambo lililo mikononi mwetu. Katika misikiti yetu mingi maji ya udhu na maji ya choo huingia shimo moja. Maji ya udhu, yaani musta'mal, katika madhehebu ya Shafii ni twahara, ingawa hayatwaharishi tena. Tunachukua kitu twahara tunakimwaga kwenye najisi, kisha tunalipa gari lije kunyonya vyote viwili. Tukikadiria lita nne kwa mtu, na watu 100 kwa swala, ni lita 400 kwa swala moja na 2,000 kwa siku. Karo linalopokea hayo litajaa upesi, na likijaa, tumeshaeleza linakofunguliwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita nzima, kama alivyosimulia Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim; kwa hiyo hizo lita nne zenyewe zina maswali.

Kazi inayohitajika ni bomba moja la pembeni kutoka kwenye mfereji wa kutawadhia, kichujio cha kokoto na mchanga, na tanki au shimo la kunyweshea miembe ya uwanjani. Fundi wa mtaani anaiweza kwa siku mbili. Na wanafunzi wa Minhaj wanakumbuka kuwa maji musta'mal yakikusanywa mpaka yakafika qullatain, basi kwa kauli sahihi zaidi yanarudi kuwa yenye kutwaharisha, maadamu hayakubadilika. Kwa sabuni wanayonawia watu siku hizi kubadilika ni jambo la karibu, kwa hiyo tunashauri tanki hilo liwe la miti na la kuoshea uwanja na vyoo, si la udhu.

Wallaahu a'lam.